Mifuko Ishirini na Minne Iliyong'aa

Kabla hamjanidhania shujaa, wajukuu zangu wa damu na wa mtaani, jueni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nimefanya kazi zaidi ya miaka ishirini na watu wanaotafuta mafuta, gesi na maji ardhini, watu wa kulala kwenye mahema na kusimulia habari za nyoka wakati wa kula, na katika miaka yote hiyo safari iliyonifurahisha ni ile ya kurudi Kiseke. Wenzangu waliniita Kuku, kwa sababu jua likianza kuinama tu nilikuwa nimeshageukia bandani. Sikukasirika. Kuku hajawahi kuumwa na nyoka hemani.

Elimu yangu ni kidato cha nne, na Jiografia nilipata D, tena mwalimu alisema ameweka na huruma humo. Kwa hiyo nikikosea mahali, nyinyi mnaosoma kombi za sayansi mnirekebishe kwa heshima.

Naandika kwa sababu yenu. Mwezi uliopita watatu kati yenu mlinijia mbio na video kwenye simu: dimbwi upande wa Bujora, kwenye shamba la mjomba wa mmoja wenu, linatoa mapovu, na juu ya maji kuna utando wenye rangi za upinde wa mvua. "Babu Kulwa, mafuta haya! Tumetoka!" Mlikuwa mmeshagawana mpaka magari. Nikawauliza kama mmeuchokoa ule utando kwa kijiti. Mkaniangalia kama nimewauliza habari za mkoloni.

Shikeni hili, maana kitabuni halimo. Chukua kijiti, kipitishe katikati ya utando. Ukivunjika vipande vyenye kona, kama kioo, hayo si mafuta, ni kazi ya vijidudu vinavyoishi kwa chuma kilichomo kwenye maji. Ukijikunja, ukakifuata kijiti, halafu ukarudi kuungana, hapo niiteni, nitakuja hata kwa bodaboda, na mnajua ninavyoogopa bodaboda. Mapovu nayo ni gesi kweli na inawaka kweli, lakini ni gesi ya majani yanayooza sasa hivi. Ni changa, haijapikwa. Msiisogelee na kiberiti. Nyusi zinachukua muda kuota.

Mlirudi Jumapili mkasema utando ulivunjika kama kioo. Nyuso zenu zilikuwa zimeanguka. Mama Nyamizi, mke wangu, akawapa chai, mkanywa kama mko msibani. Mimi nilijiongezea sukari, na mmoja wenu akanong'ona kwamba babu hajali. Najali sana. Kuna wakati mimi mwenyewe niliwapa watu mafuta yasiyokuwepo, kisha ikabidi niende kuwanyang'anya.

Tuelewane kwanza mafuta yanatoka wapi. Aliyenifundisha ni Madam Leokadia, mwanajiolojia wetu, Mhaya mrefu mwenye miwani, anayeongea taratibu kama anayepanda ngazi na trei ya glasi. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza, "Madam, hilo ziwa la mafuta huko chini lina kina gani?" Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kulwa, umewahi kuchimba shimo kwenye mchanga wa ufukweni?"

"Tangu utoto."

"Maji yanatoka wapi?"

"Katikati ya punje za mchanga."

"Basi na mafuta ndivyo yanavyokaa. Kwenye vitundu vya mwamba. Hakuna ziwa."

Akanipeleka dirishani. Ghala letu lilikuwa Kirumba, hapa Mwanza ufukweni, na siku ile ziwa lilikuwa limegeuka kijani karibu na mawe, mnavyolijua. Akasema ile kijani ni vijimea vidogo, vinaishi siku chache vinakufa, vinazama. Vingi vinaliwa au vinaoza, vinaishia hapo. Lakini mahali ambapo maji ya chini hayana hewa, havioni wa kuvila. Vinalala kwenye tope. Mito inaleta udongo juu yake, tabaka juu ya tabaka, na kama ni bonde linalotitia, chini panazidi kwenda chini na juu panazidi kujazwa. Baada ya muda mrefu mno, mamilioni ya miaka, tope lile liko kilomita mbili, tatu ardhini, limekuwa mwamba, na huko ni joto.

Hapo ndipo niliposhika somo, maana mimi mambo ya jikoni nayaelewa. Moto wa wastani kwa muda mrefu, tope linatoa mafuta. Moto ukizidi, yanageuka gesi. Ukizidi tena, sufuria imeungua, hupati kitu. Kisha mafuta yanakamuliwa kutoka kwenye tope na kuanza kupanda, kwa sababu ni mepesi kuliko maji yaliyojaa kwenye miamba. Yanapenya kwenye mawe ya mchanga mpaka yakutane na mfinyanzi mzito usiopitisha. Kama huo mfinyanzi umekaa kama bakuli lililofunikwa kifudifudi, yanakusanyika chini yake. Kama hakuna bakuli, yanaendelea kupanda mpaka yanatokea juu, yanapotea. Na bakuli liwe limeshakaa kabla mafuta hayajapita. Madam alipenda kusema, "Tope, moto, sponji, kifuniko, na kuwahi. Kimoja kikikosekana tumechimba shimo la kuangalia."

"Na hapa kwetu, chini ya ziwa?"

Alinionyesha yale majabali yaliyobebana kilimani. "Ziwa hili ni changa na halina kina cha kutisha. Tope lake ni jembamba, na chini yake ni hayo majabali. Ni kama kumimina uji kwenye sinia juu ya jiwe baridi, ukasubiri uchemke."

Ndiyo maana mashine yetu ya kuchoronga visima haikuwa Mwanza. Ilikuwa bondeni, siku nzima kwa lori kuelekea kusini, mahali ambapo ardhi ilititia zamani na kujaa mashapo. Sisi wa Kirumba tulikuwa tunapokea mifuko.

Kazi yangu ilikuwa mifuko. Mashine inaposaga mwamba, tope la kuchorongea linapanda juu na chenga za mwamba. Kila baada ya mita kadhaa wanachota chenga, wanajaza mifuko miwili midogo ya kitambaa, wanaandika kina. Mmoja naosha na kukausha, Madam anauangalia. Wa pili unawekwa stoo kama ulivyo, na uchafu wake, hauguswi. Mara ya kwanza niliuona ujinga: kwa nini mtu atunze uchafu? Mtaona.

Baada ya kukauka, chenga zinaingia kwenye boksi la giza lenye taa ya zambarau. Mafuta ya ardhini yakipigwa na mwanga ule yanang'aa, manjano au meupe au samawati. Ukidondosha tone la dawa ya kuyeyushia, mng'ao unatiririka kutoka kwenye punje kama maziwa kwenye chai. Kukausha ndiko kulikokuwa na masharti. Jua la upole au oveni ndogo, kamwe si moto mkali, maana mafuta machache yaliyopo yatapaa. Na sampuli haitoki ghalani. Haitoki. Madam alikuwa ameliandika mlangoni kwa herufi kubwa, nami ndiye niliyeshika gundi.

Kisima tulichokuwa tukichoronga wakati huo kilikuwa cha tatu. Viwili vya kwanza havikutoa kitu, na kila mtu alijua kwamba cha tatu kikiwa kama ndugu zake, kampuni itafunga virago. Aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote ni Ntobi, dereva wa lori lililoleta mifuko. Watoto watano, nyumba imeezekwa upande mmoja. Kila akishusha mzigo ananisalimia, "Mwangaluka, Kuku! Leo nimekuletea mafuta, usiyamwage." Nami namjibu aniletee na kitunguu.

Ijumaa moja ya masika akashusha mifuko arobaini ya kuosha, pamoja na mifuko pacha ya stoo. Oveni ilikuwa imekufa tangu Jumatano. Nikaosha yote arobaini, nikakausha kumi na sita, ya juu kabisa na ya chini kabisa, kwenye sinia za ofisini kwa jua la kuchungulia, likafunga wingu. Ikabaki ishirini na minne ya katikati, imelowa, na Madam aliitaka Jumatatu asubuhi. Mtu wa kazi angekaa ghalani Jumamosi na Jumapili akivizia jua. Mimi nilitazama paa linalovuja, nikatazama saa, nikaipakia mifuko kwenye ndoo mbili nikaenda nayo nyumbani.

Mama Nyamizi alikuwa Igombe kununua dagaa. Siku hizo alikuwa anawakaanga na kuuza, wateja walitoka mpaka Pasiansi. Sinia zake sita za bati zilikuwa zimeegemezwa ukutani, safi. Jiko lake lilikuwa na jivu lenye uvuguvugu wa kupendeza. Nikazifuta sinia tena, maana mimi ni mtaalamu, nikamwaga chenga, nikazungusha sinia juu ya jivu mara nne, sita sita, kwa mpangilio wa kina bila kukosea. Nikala, nikalala. Nilijiona mjanja wa wilaya nzima.

Jumanne iliyofuata Madam aliniita kutoka kwenye chumba cha giza. Sauti yake ilikuwa imepanda ngazi zote kwa mara moja.

"Kulwa! Njoo uone."

Nikainama kwenye boksi. Chenga ziling'aa manjano meupe. Akadondosha dawa, ikatiririka. Akaweka mfuko unaofuata, na unaofuata, yote iling'aa, halafu ghafla giza. Ukanda mzima wa mafuta, una mwanzo na mwisho, kama kwenye picha ya kitabu.

Ntobi alicheza. Alicheza kweli, na mabuti yake, katikati ya ghala, akanibeba mabegani. Madam akapiga simu kwa wakubwa. Ikapangwa kikao cha Jumatatu inayokuja, hapa Mwanza, wao waje, yeye asimame awaeleze, na apendekeze kisima kiendelee chini na kingine kichorongwe jirani. Alhamisi akanishika bega. "Umefanya kazi nzuri, Kulwa. Ungechelewesha zile sampuli wangefunga wiki hii." Ijumaa asubuhi akaondoka kwenda ukweni Sengerema, kwenye harusi ya mdogo wa mumewe.

Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi alasiri, nimekaa barazani na chai. Mama Nyamizi akatokea na sinia mkononi.

"Baba Nyamizi, nani kaanika udongo kwenye sinia zangu?"

"Udongo gani?"

"Huu hapa kwenye kona. Yule mwalimu mteja wangu kanirudishia dagaa, anasema wanamsaga meno."

"Nilizitumia wiki iliyopita kidogo, mambo ya kazini. Lakini nilizifuta kwanza."

"Ulizifuta na nini?"

"Kitambaa."

"Kipi?"

"Kile kilichotundikwa kwenye msumari."

Akaishusha sinia. "Kile ni cha kufutia karai la mafuta, wewe mwanaume."

Chai ikanishinda. Nilikwenda jikoni nikashika sinia, nikapitisha kidole kwenye kona. Kikateleza. Mafuta ya kukaangia na mafuta ya dagaa wenyewe, yamekolea kwenye bati miezi na miezi, na ambapo hayakuwepo mimi nimeyapaka. Nikachukua kalamu nikaandika ukutani: sita mara nne. Mifuko iliyong'aa ilikuwa ishirini na minne. Kumi na sita niliyokausha ghalani haikung'aa hata mmoja. Hakuna aliyesikia harufu, kwa sababu ghala letu lilikuwa limepakana na wauza dagaa, na Kirumba nzima inanuka hivyo tangu asubuhi.

"Una nini?" akaniuliza. "Umekuwa kama umeona ndugu aliyekufa."

Nikamweleza. Aliketi kwenye ndoo. "Kwa hiyo hayo mafuta ya kampuni..."

"Ni ya kwako."

Hakucheka. Mpaka leo namshukuru kwa kutokucheka siku ile, maana amefidia baadaye.

Sasa hesabuni wenyewe. Nikinyamaza, Madam atasimama mbele ya wakubwa Jumatatu na kuwauzia mafuta ya dagaa. Watachoronga zaidi, hawatakuta kitu, watarudi kwenye karatasi zake, na jina lake katika kazi ile litakwisha. Nikisema, kisima kinafungwa, Ntobi na wenzake wanarudi nyumbani, na mimi natangulia, kwa sababu nimetoa sampuli ghalani.

Nikampigia simu Madam. Akapokea, kelele za vigelegele nyuma. "Kulwa, kuna nini?" Nikasema, "Nilitaka kukutakia harusi njema." Nikakata. Nikapiga tena baada ya nusu saa. Nikamuuliza kama mvua inanyesha huko. Mara ya tatu akasema, "Kulwa, umelewa?" Mimi sinywi. Nikaona jambo hili halitatoka kinywani mwangu kwa waya.

Jumamosi, Kuku wa Kiseke alisafiri kwa hiari yake. Nyinyi siku hizi mnavuka Busisi darajani hata hamjamaliza kusoma ujumbe mmoja wa simu. Siku zile nguzo za daraja ndiyo kwanza zilikuwa zinachomoza majini, na foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa shule ya uvumilivu. Nilisubiri na mfuko wa plastiki mapajani. Ndani yake kulikuwa na sinia moja ya bati, imefungwa kwenye gazeti. Sijui kwa nini niliibeba. Labda niliogopa hataniamini. Kivuko kikaja, kikajaa, mlango ukafungwa mbele ya pua yangu, na moyo ukanituma nirudi nyumbani: umejitahidi, Kulwa, kivuko ndicho kilichokataa. Nilishageuka hatua kadhaa. Mama mmoja muuza mahindi akaniambia, "Baba, kingine hicho kinakuja, unakimbilia wapi?" Nikarudi kwenye foleni kwa aibu ya muuza mahindi tu. Msiniongezee sifa nyingine.

Nilimkuta Madam uani, khanga kiunoni, amekaa na wanawake wa ukweni wanamenya ndizi. Mwanajiolojia mzima, mikono myeusi kwa utomvu.

"Kulwa? Ghala limeungua?"

"Hapana, Madam. Habari za hapa."

"Nzuri. Karibu ndizi. Umebeba nini?"

Wanawake wakaanza. "Leokadia, huyu ndiye anayekupigia simu kuuliza mvua?" Wakacheka. Nikafungua gazeti, nikamkabidhi sinia mbele yao wote, kama zawadi ya harusi. Mmoja akapiga kigelegele.

Madam akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye kona, nilivyofanya mimi. Akanusa. Yeye alikuwa siku mbili nje ya Kirumba, pua yake imerudi.

"Dagaa," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Sinia ngapi?"

"Sita."

"Mizunguko?"

"Minne. Nilikaushia nyumbani."

Akanawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Nilisubiri anitukane, nami nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya aina zote. Alipoongea hakunitazama.

"Mfinyanzi uling'aa," akasema. "Mifuko saba ya juu ilikuwa mfinyanzi mtupu. Kifuniko kinang'aaje, Kulwa? Niliona. Nikajiambia labda kuna ufa, mafuta yamepenya. Niliona kwa macho yangu haya nikajitafutia ufa."

"Mimi ndiye niliyekosea, Madam."

"Wewe ulikosea Ijumaa. Mimi nilikosea Jumanne." Akafungua khanga. "Mifuko ya pili ipo?"

"Ipo stoo. Haijaguswa."

"Basi harusi imeisha kwangu."

Uchafu ule niliouona ujinga kuutunza, ndio uliobaki kuwa shahidi.

Jumapili tuliosha upya. Ishirini na minne, na mingine sita juu na chini yake kwa kulinganisha. Oveni bado ilikuwa maiti. Tukatandaza sinia za ofisini kwenye sakafu ya zege nyuma ya ghala, wingu likisimama juu ya ziwa kama linatusoma. Likisogea tunakimbiza sinia ndani, jua likichungulia tunazitoa. Mimi nilikuwa nahesabu saa zilizobaki mpaka kikao, na kila nikihesabu zilikuwa pungufu kuliko zilivyotakiwa.

Saa nane Ntobi akapita, kasikia tupo. Akasaidia kubeba, anapiga mluzi, halafu akasoma vina kwenye mifuko.

"Hii si ndiyo ile? Mnaosha nini tena?"

Madam aliingia ndani makusudi. Nikamweleza mwenyewe. Aliiweka sinia chini taratibu sana.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu."

"Mke wako hasimamiwi na wakubwa wa kampuni. Kulwa, nisikilize. Kisima kinaendelea, labda chini zaidi yapo kweli. Nani anajua? Hata yeye Madam hajui. Wape mita mia mbili nyingine. Wape miezi mitatu tu, bwana."

"Ntobi..."

"Wewe una mtoto mmoja, ameshaolewa. Mke anauza dagaa. Mimi nina watano. Kwako hii ni dhamiri, kwangu ni chakula cha jioni." Alinitazama. "Nilikubeba mabegani, Kulwa."

Nilimwambia tu, "Sinia ile irudishe juani." Hakuirudisha. Aliondoka, na ilibidi niinyanyue mwenyewe.

Saa kumi na moja tukaingia chumba cha giza. Mfuko wa kwanza, giza. Wa pili, giza. Sijawahi kuogopa giza dogo kama lile lililomo kwenye boksi. Wa tisa, wa kumi, hakuna. Wa kumi na saba, punje tatu zikang'aa manjano.

Nilishika ukingo wa meza. "Madam."

"Nimeona. Tulia. Kuna mawe yanayong'aa yenyewe, hayana mafuta. Lete dawa."

Vijana, nimewahi kuombea watu wagonjwa, nimewahi kuombea mvua na mtihani wa binti yangu. Siku ile niliombea punje tatu za mawe zitiririke. Madam akadondosha tone. Tukainama wote wawili, vichwa vinagusana. Tone likazizunguka punje, likakauka. Punje ziliendelea kung'aa peke yake, hazikutoa kitu. Mawe tu.

Tukamaliza yote thelathini. Akavuta karatasi mpya, akanisukumia kalamu. "Andika wewe."

"Niandike nini?"

"Ulichokiona. Na chini yake andika kwa nini tumerudia."

Niliandika kwa mwandiko wangu wa kidato cha nne: hakuna dalili ya mafuta. Chini yake: sampuli za awali zilitolewa ghalani na kukaushwa nyumbani kwangu juu ya sinia za kukaangia dagaa. Nikatia sahihi. Naye akachukua kalamu, akaongeza mstari mmoja kwamba mfinyanzi uling'aa na yeye hakuuliza. Nikamwambia hilo si lazima. Akaniambia nifunge stoo.

Jumatatu nilikaa nje ya kikao kwenye kiti cha plastiki, nimevaa suti ya harusi ya binti yangu. Alitoka saa sita na nusu.

"Wamefunga kisima," akasema.

"Na wewe?"

"Wamenisikiliza. Mmoja alicheka sana habari za dagaa, akataka kujua bei." Akavua miwani, akaifuta. "Wewe umefukuzwa, Kulwa. Kuanzia mwisho wa mwezi. Niliwaambia lazima mtu afungashe mifuko yote kwanza ipelekwe hifadhini Dodoma, na hakuna anayeijua kama wewe."

Nilisema asante. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kizito zaidi.

Nyinyi mnaoniuliza kwa nini baadaye nilifanya kazi ya visima vya maji na mwanamke yule yule mpaka nikastaafu: miezi minane ilipita, simu ikalia. "Kulwa, nina mradi wa maji. Natafuta mkausha sampuli. Nina sharti moja." Nikamwambia, hazifiki nyumbani. Akakata simu. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Lakini nilitaka kuwaambia siku ya mwisho pale Kirumba. Wiki tatu nzima wenzangu walinisalimia kwa kichwa. Ntobi hakunisalimia kabisa. Siku ya kupakia, lori lake ndilo lililokuja, hapakuwa na jingine. Tulipakia wawili, mamia ya mifuko, mimi nasoma kina yeye anapanga, na maneno aliyotamka ni namba tu. Mvua ikaanza. Akafunga turubai, akakagua kamba mara mbili, akapanda kwenye usukani. Nikachukua mwavuli wangu na begi la chakula nikaanza kutembea.

Lori likanifuata polepole, likasimama. Mlango wa upande wa abiria ukafunguka.

"Panda," akasema, anatazama mbele.

"Unakwenda Dodoma, Ntobi."

"Kiseke ni njiani."

Kiseke si njiani. Kutoka Kirumba kwenda Dodoma unashika barabara ya Shinyanga, na Kiseke unaiacha upande wa pili kabisa. Alikuwa dereva miaka kumi na tisa, alilijua hilo kuliko mimi. Nikapanda, nikafunga mlango, tukaenda njia ile ndefu.